Mkopo wa Masomo na Hukumu ya Muflisi

Ama baad. Kijana mmoja aliyehitimu chuo kikuu alinijia baada ya sala ya Alasiri akaniuliza: "Sheikh, mkopo wa Bodi nasikia una riba, nami sina ajira. Nikitangaza kufilisika, si nimesalimika?" Maswali hayo ni mawili, tuyatenganishe.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kwa miaka kadhaa deni lake liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani, na faini ya asilimia 10 kwa mchelewaji. Jina halibadili hukumu: ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba. Nyongeza hizo ziliondolewa mwaka 2021, alhamdulillahi. Lakini hata zilipokuwepo, rasilmali yenyewe haikuwa halali kuidhulumu. Na asemaye kuwa mali ya Serikali haina mwenyewe amekosea; inao wengi mno, nao watamdai.

Ama kufilisika, mlango wake katika fiqhi ni taflisi. Muflisi ni yule ambaye madeni yake yaliyofika wakati yamezidi mali yake. Wadai wakiomba, kadhi humzuia kutumia mali hiyo, akaiuza na kuwagawia kwa kadiri ya madai yao. Jamhuri ya wanachuoni wameshika habari ya Muadh bin Jabal (r.a.), ingawa sanadi yake ina maneno. Abu Hanifa hakuliona hilo, wanafunzi wake wawili wakamkhalifu.

Je, kinachobaki hufutika? La. Hubaki katika dhima mpaka apate wasaa au asamehewe. Huko Marekani mahakama humfutia muflisi madeni mengi, lakini mkopo wa masomo uliwekewa vizuizi tangu mwaka 1976, na tangu 1998 haufutwi ila kwa atakayethibitisha dhiki kubwa mno.

Tena, je, muflisi atalazimishwa kufanya kazi? Imam Nawawi katika Minhaj amesema kuwa baada ya mgao halazimishwi kuchuma kwa ajili ya baki. Kwa Mahanbali, mwenye ufundi hulazimishwa. Mimi, pamoja na Ushafii wangu, kwa mwenye shahada nasogea kwa Mahanbali. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, hana la kuuliza. Asiye na kitu aiandikie Bodi mapema aeleze hali yake, kwani Aya ya 280 ya Suratul Baqara imeamrisha mwenye dhiki angojewe. Naye ni miongoni mwa gharimina, wanaostahiki Zaka. Kisha deni aliandike katika wasia wake.

Nikamuuliza kijana ana nini. Akasema ana pikipiki, huendesha bodaboda. Nikamwambia: "Wewe si muflisi. Deni lako hulipwa kwa mafungu, na lililofika ni fungu la mwezi tu." Kwetu Mashafii muda katika qardhi haulazimu, lakini kwa Imam Malik unalazimu, na ndiyo kauli inayoafiki mkataba wake. Akaniuliza fungu la mwezi huu alipe lini. Nikamwambia kabla hajabadilisha tairi.