Chemsha Maziwa, Jenga Kinga

Wakazi wengi wa mijini huamini kwamba maziwa ya ngamia ni dawa. Maziwa hayo husafirishwa kwa basi kutoka Isiolo hadi Eastleigh, Nairobi, na baadhi ya wanunuzi huyanywa mabichi wakitumaini kwamba yataupa mwili nguvu za kupambana na maradhi. Wengine huwapa hata wagonjwa. Je, imani hiyo ni sahihi?

Jibu lake liko kwa wenye mifugo. Huko Korbesa, eneo la Merti katika kaunti ya Isiolo, Waborana huishi katika nchi kame ambako mboga na matunda ni adimu. Maziwa ndiyo chakula chao.

Kinga ya mwili hutegemea zaidi chembechembe nyeupe za damu. Hizo hushambulia viini vya magonjwa na kuvikumbuka vikirudi tena. Ili mwili uzitengeneze, unahitaji protini, vitamini na madini kama vile chuma na zinki. Maziwa yana protini na vitamini A, na ya ngamia yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe. Kwa hiyo sifa zake si za bure.

Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 ulithibitisha jambo hilo. Misimu mitano ya mvua ilipopita bila mvua ya kutosha kaskazini mwa Kenya, mifugo ilikufa na maziwa yakakosekana. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha hupungukiwa na kinga, huugua upesi, na ugonjwa nao humzidishia udhaifu.

Hata hivyo, maziwa hayohayo yakinywewa mabichi yanaweza kuleta bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo na mgongo. Ni rahisi kudhani ni malaria au homa ya matumbo, na mgonjwa akameza dawa zisizomfaa kwa miezi. Matibabu yenyewe huchukua wiki sita au zaidi. Anayetaka kujenga kinga hujikuta ameibomoa.

Wako wanaosema kwamba kuchemsha huondoa nguvu ya maziwa. Ukweli ni kwamba vitamini C hupungua kiasi, lakini protini na madini hubaki. Kugandisha maziwa hakutoshi kuua viini hivyo.

Basi msomaji afanye nini?

1. Chemsha maziwa hadi yachemke kabisa, yawe ya ngamia, ng'ombe au mbuzi. Kwa wajawazito, watoto na wenye kinga dhaifu, jambo hili halina mjadala.

2. Mpe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Apate chanjo ya surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, kwani surua hufuta kumbukumbu ya kinga dhidi ya magonjwa mengine. Apewe pia matone ya vitamini A kila miezi 6 hadi atimize miaka 5.

3. Kula vyakula mchanganyiko. Mkazi wa mjini ana sukuma wiki, maharagwe, mapera na machungwa sokoni. Kwa anayekula hivyo, vidonge vya vitamini huongeza faida ndogo tu.

4. Nawa mikono kwa sabuni, lala angalau saa 7, tembea kila siku na uache sigara.

Ukipatwa na homa isiyokwisha, nenda hospitali upimwe, na umweleze daktari kama umekunywa maziwa mabichi. Neno hilo moja linaweza kukuokolea miezi ya mateso.