Kichaka Mbele ya Nyumba: Tupande Kipi?



Mvua za Machi zikikaribia, wengi huanza kuchimba mashimo mbele ya nyumba. Sisi walimu wa kujitolea tunafurahi. Kichaka kinachobaki kijani mwaka mzima huzuia vumbi, na mama anaweza kumwogesha mtoto bila wapita njia kukodoa macho. Shida ni kichaka gani.

Huku Busia na Tororo nyua nyingi zina oleanda ya manjano: majani membamba yanayong'aa, maua kama kengele, na ukivunja tawi linatoa maziwa. Watu huipenda kwa sababu mbuzi hawaigusi. Basi hao mbuzi wana akili! Mti wote ni sumu, mbegu ndiyo mbaya zaidi, na sumu yenyewe hushika moyo. Huko Sri Lanka, tangu miaka ya 1980, hospitali zimepokea maelfu ya watu waliokula mbegu hizo. Muhula uliopita watoto wa darasa la kwanza walituletea mbegu zake, eti za kuhesabia. Tulizikusanya zote tukawanawisha mikono. Mtoto akila, msingoje atapike. Mpelekeni kituo cha afya palepale, na mchukue kipande cha mti mganga akione.

Mbele ya nyumba pandeni hibiskasi. Kateni tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hivi. Ondoeni majani ya chini, lichomekeni nusu ardhini penye kivuli, udongo usikauke. Baada ya mwezi mmoja hivi litakuwa na mizizi. Maji yaliyooshea mboga yanatosha, si lazima kupanga foleni bombani kwa ajili ya ua.

Kaiyaba nayo ni nzuri kwa ua wa nje, na matunda yake machachu yanaliwa. Ila miiba yake ni mirefu, isikaribie njia ya choo.

Kuna wanaosema, "Tupande nini na kesho tutahamishwa?" Hawakosei. Wakenya waliokimbilia Mulanda, hapa Tororo, mwaka 2008 walihamishiwa Kiryandongo mwaka huohuo. Lakini tawi la hibiskasi likifungwa kwenye kitambaa chenye maji husafiri vizuri tu.

Wanaotaka matawi waje shuleni Jumamosi asubuhi. Njooni na visu, vyetu ni viwili tu.