Bahasha Huomba Kabla ya Barua

Katika mji wa Bristol, huko Uingereza, aliishi bibi mmoja aliyejulikana sana kwa kuuza maua mekundu ya karatasi ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Kazi hiyo aliifanya kwa muda wa zaidi ya miaka 70. Alikuwa mtu mwepesi wa kutoa, na waombaji wakamfahamu. Alipofariki mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 92, baraza lililosimamia mwenendo wa uchangishaji fedha lilifanya uchunguzi, likagundua kwamba vyama vya hisani 99 vilikuwa na jina lake katika orodha zao, na kwamba katika mwaka mmoja huenda alipelekewa barua 466 za kuomba msaada. Jamaa zake hawakuvilaumu vyama hivyo kwa kifo chake. Hata hivyo hesabu hiyo iliwashtua wengi, kwani ni zaidi ya barua moja kwa kila siku ya mwaka, ukihesabu na Jumapili ambazo tarishi hapiti.

Mtu apataye barua nyingi kiasi hicho hawezi kuzisoma zote. Hana budi kuchagua, na uchaguzi wenyewe haufanywi kwa maneno yaliyomo ndani, maana hayajaonekana bado. Hufanywa kwa bahasha. Jicho hutazama kama anwani imeandikwa kwa mkono au kwa mashine. Kama stempu imebandikwa au ni chapa tu iliyopigwa. Kama bahasha ina dirisha mithili ya ankara ya umeme. Baada ya hapo barua huwekwa mezani ikasomwe, au huenda jaani ingali imefungwa. Ndiyo sababu vyama vya hisani vya Ulaya na Amerika hutumia akili nyingi na fedha nyingi kwa ajili ya kitu ambacho mpokeaji atakirarua mara moja na kukisahau.

Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kufuata barua zake katika sanduku la posta, na kupewa kadi ya mchango wa arusi mkononi na jamaa anayemfahamu, aweza kuliona jambo hili kuwa geni. Lakini hata yeye anajua kwamba kadi iliyotiwa ndani ya bahasha yenye jina lake kamili ni vigumu kuirudisha mikono mitupu.

Zamani barua za namna hii zisingewezekana kabisa. Kabla ya mwaka 1840, huko Uingereza, aghalabu gharama ya barua ililipwa na mpokeaji. Nani angethubutu kumwomba mtu sadaka kwa barua ambayo mtu huyo atatozwa fedha ili aipokee? Rowland Hill ndiye aliyeleta mabadiliko, akapendekeza mpelekaji alipe kwanza, tena kwa bei moja ya peni kwa nchi nzima. Stempu ya kwanza ilianza kutumika tarehe 6 Mei 1840. Pamoja nayo posta ilitoa bahasha zilizokwisha kulipiwa, zenye mchoro wa msanii William Mulready. Mchoro huo ulikuwa wa fahari mno: Britannia, yule mwanamke anayewakilisha taifa la Uingereza, amekaa juu akiwatuma wajumbe wenye mabawa pande zote za dunia, na ubavuni wamo tembo na watu wa mataifa ya mbali. Watu waliucheka. Magazeti na wachapaji wakatoa bahasha za kuudhihaki, na posta ikalazimika kuziondoa bahasha zake na kuziharibu zilizobaki. Wananchi hawakutaka barua zao za nyumbani zivishwe joho la serikali. Hilo lilikuwa somo la kwanza kuhusu bahasha, nalo wengi walilisahau.

Aliyeigeuza bahasha kuwa chombo cha kuwasaidia wagonjwa alikuwa karani wa posta wa Denmark, Einar Holbøll. Alipokuwa akipanga marundo ya barua za Krismasi, alifikiri kwamba kila moja ingeweza kubandikwa, kando ya stempu, kibandiko kidogo cha bei nafuu, na fedha zake zikawafaa watoto wenye kifua kikuu. Kibandiko cha kwanza, chenye picha ya Malkia Louise, kilitoka mwaka 1904, na vikauzwa zaidi ya milioni 4.

Habari hizo zilimfikia Emily Bissell wa Delaware, nchini Marekani. Binamu yake alikuwa daktari katika nyumba ndogo ya wagonjwa wa kifua kikuu kando ya mto Brandywine, nyumba ambayo ingefungwa isipopata dola 300. Bibi Bissell alikopa fedha kidogo kwa rafiki zake, akachora kibandiko mwenyewe, akachapisha 50,000, na tarehe 7 Desemba 1907 akaweka meza ndani ya posta ya mji wa Wilmington, akauza kila kimoja kwa senti moja. Mwanzoni mauzo yalikuwa hafifu. Gazeti moja la Philadelphia lilipoitangaza kazi yake, watu walimiminika, na badala ya dola 300 zikapatikana 3,000. Yafaa izingatiwe kwamba kibandiko hicho hakikuwa na thamani yoyote ya posta. Barua isiyokuwa na stempu haikuweza kwenda kwa sababu yake. Kilichouzwa ni nafasi ya mtu kuonyesha, juu ya bahasha yake, kwamba amewakumbuka wagonjwa.

Miaka 30 hivi baadaye lilitokea jambo la kinyume. Mnamo Januari 1938 mchekeshaji wa redio Eddie Cantor aliwaomba Wamarekani wampelekee Rais Franklin Roosevelt, ambaye mwenyewe alikuwa amepooza kwa polio, sarafu za senti 10 za kupigania ugonjwa huo. Hakuna aliyepelekewa bahasha wala fomu. Watu walijitafutia karatasi zao, wakazibandika sarafu kwa gundi, wakazifunga kwa nguo, na makarani wa barua wa Ikulu wakazama katika magunia. Zilihesabiwa sarafu 2,680,000. Stempu ya barua wakati huo ilikuwa senti 3. Kwa hiyo aliyetuma sarafu moja alitumia karibu theluthi ya sadaka yake kuisafirisha sadaka yenyewe. Chanjo ya Jonas Salk, iliyotangazwa kufaulu tarehe 12 Aprili 1955, iligharimiwa na chama kilichokua kutokana na sarafu hizo.

Lakini si kila chama kina Rais wa kupokea barua zake. Vyama vya kawaida vya Marekani hutegemea nafuu ya posta waliyopewa, ambayo chanzo chake ni sheria ya mwaka 1951. Chama kikipeleka angalau barua 200 zinazofanana, kikazipanga chenyewe kwa namba za maeneo, hulipa ada ndogo. Nafuu hiyo ina bei yake. Barua hizo huenda polepole, na mpokeaji akiwa amehama, kwa kawaida hazimfuati wala hazirudi kwa mpelekaji. Zaidi ya hayo, bahasha lazima ioneshe kwamba imetoka kwa chama kisicho cha biashara, na jicho lililozoea hulitambua neno hilo upesi. Ili kuipunguzia bahasha sura ya tangazo, vyama vingi huacha chapa ya mashine, vikabandika stempu halisi zilizotengenezwa kwa ajili ya ada hiyo ndogo. Bei ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba bahasha sasa inafanana na barua ya mtu kwa mtu.

Suala gumu zaidi ni la bahasha ya pili, ile ya majibu iliyotiwa ndani. Chukua mfano wa barua 1,000 ambazo 50 tu ndizo zitakazojibiwa. Chama kilichobandika stempu kwenye kila bahasha ya majibu kimekwisha kulipia 1,000, na 950 zitapotea bure. Chama chenye kibali cha posta, ambacho bahasha zake zimepigwa chapa kwamba mpokeaji ndiye atakayelipa, hulipia 50 tu, ijapokuwa kila moja kwa bei ya juu kuliko stempu ya kawaida. Kwa hesabu ya duka, kibali ndicho bora. Lakini binadamu huona uzito kuitupa stempu ambayo haijatumika. Mwaka 2002 Phil Edwards na wenzake wa Uingereza walikusanya matokeo ya majaribio 292 juu ya madodoso yaliyopelekwa kwa posta, wakaona kwamba bahasha za majibu zenye stempu halisi zilirudi zaidi kuliko zile za chapa. Madodoso si sadaka, bila shaka. Anayejibu maswali hatoi shilingi. Vyama vingine hufuata njia ya adabu: huandika penye pembe ya bahasha iliyolipiwa kwamba mtoaji akiongeza stempu yake, chama kitaokoa gharama. Hivyo hata stempu huwa mchango.

Kisha kuna zawadi. Chama cha askari wa Marekani waliopata ulemavu, Disabled American Veterans, kwa miaka mingi kiliwapelekea wenye magari vibao vidogo vya funguo vyenye namba za magari yao. Funguo zikipotea, aliyeziokota aliweza kuzitumbukiza katika sanduku la barua, na chama kikazirudisha. Baadaye kikatumia karatasi za gundi zenye jina na anwani ya mpokeaji. Mwanasaikolojia Robert Cialdini aliandika katika kitabu chake kwamba barua tupu ya chama hicho ilijibiwa na watu 18 katika kila 100, na yenye karatasi hizo ikajibiwa na 35. Huko Zurich, Uswisi, kabla ya Krismasi ya mwaka 2001, mchumi Armin Falk alizigawa barua kama 10,000 za kuwaombea watoto wa mitaani wa Dhaka, Bangladesh, katika mafungu matatu. Fungu lililotiwa kadi moja iliyochorwa na watoto lilipata watoaji zaidi kwa asilimia 17 kuliko lile lisilo na kitu. Lililotiwa kadi nne, kwa asilimia 75.

Je, hiyo ni hisani au ni deni? Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 imemkinga mpokeaji: kitu alichopelekewa pasipo kukiagiza ni chake, wala hawajibiki kukilipia. Lakini sheria hiyo hiyo ilivipa vyama vya hisani ruhusa ya kupeleka vitu hivyo, ambayo wafanya biashara hawana isipokuwa kwa sampuli za bure. Anayejua haki yake huzitumia karatasi zile za gundi kwa amani. Asiyeijua, hasa mzee aishiye peke yake, aweza kudhani ameuziwa kitu.

Mwaka 2008 chama cha Smile Train, kinachogharimia upasuaji wa watoto waliozaliwa na mpasuko wa mdomo, kilijaribu bahasha ya aina nyingine. Juu yake iliandikwa ahadi kwamba mtu akitoa mara hii moja, hataombwa tena. Ndani alipewa nafasi ya kuchagua: asiandikiwe kabisa, aandikiwe mara chache, au aendelee kupata habari. Waliotoa kwa mara ya kwanza walikuwa mara mbili ya wale waliopata barua ya kawaida, na wastani wa mchango wao ulikuwa dola 56 badala ya 50. Kati yao ni kama theluthi moja tu waliotaka wasiandikiwe tena.

Baada ya habari za Bristol, Uingereza iliunda msimamizi mpya wa uchangishaji mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikaanzishwa huduma ambayo mtu hutaja jina la chama asichotaka kimwandikie, nacho hulazimika kumfuta katika orodha. Mtoto pia anaweza kupeleka ombi hilo kwa niaba ya mama yake mzee.