Malezi ya Watoto na Mifugo katika Nchi ya Kisii

Ziko nchi ambako mtoto hupewa farasi amtunze, ili ajifunze subira na ujasiri. Katika vilima vya Kisii na Nyamira farasi si mnyama wa kazi. Huko mwalimu wa namna hiyo tangu zamani ni ng'ombe, na punda pia.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana wa Abagusii walikaa katika ebisarate, yaani kambi za ng'ombe, wakiwalinda wasitekwe na maadui. Serikali ya kikoloni ilipozivunja kambi hizo, uchungaji uliwaangukia zaidi watoto wa nyumbani.

Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili kutoka Marekani, Robert LeVine na Barbara LeVine, walikaa miongoni mwa Wagusii mahali walipopaita Nyansongo, wakichungua malezi. Habari zao zililinganishwa na za watoto wa Meksiko, Ufilipino, Okinawa, India na Marekani, na kitabu cha ulinganifu huo kikatoka mwaka 1975. Watoto wa Nyansongo walikuwa na kazi nyingi, nao walionekana hodari katika kuwaangalia wadogo na kuwaongoza wenzao kwa faida ya wote. Sababu yake si ngumu kuelewa. Mama yuko shambani na jembe lake. Ng'ombe wakiingia katika mahindi, ni chakula cha nyumba nzima kinacholiwa. Mtoto mchungaji hakupewa mchezo, alipewa dhamana.

Tena mnyama habembelezwi kwa maneno matupu. Mtoto ashikaye kamba mbele ya maksai wakati wa kulima hujifunza upesi kwamba akipiga kelele ovyo, maksai hushtuka na mfereji hupinda, na baba aliye nyuma na plau huchoka bure. Punda aliyezidishiwa mzigo husimama njiani, wala fimbo haimsaidii mtu. Basi mtoto hulazimika kumtazama mnyama, kujua kama ana kiu, kama ana kidonda mgongoni, na kungoja.

Hata hivyo uchungaji ulikuwa na hasara yake, nayo isifichwe: wavulana wengi walikosa darasa kwa sababu ya ng'ombe. Leo sheria ya Kenya humpa kila mtoto haki ya elimu, na mashamba yamegawanywa hata malisho ya wazi ni haba. Ng'ombe wa maziwa hufungiwa bandani akakatiwa nepia.

Lakini banda hilo linayo kazi imfaayo mtoto kabla na baada ya shule. Mzazi aweza kumkabidhi ndama mmoja, awe wake kumnywesha maziwa kwa saa zilizopangwa, kuosha ndoo na kubadili matandiko yaliyolowa. Iwapo ndama ataharisha, mtoto ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona, naye ndiye aulizwe kwanza, mbele ya mganga wa mifugo, ndama alikula nini jana.