Feza za kermesi zinaenda wapi?

Jumatatu nyuma ya kermesi yetu ya mwaka jana, hapa kwetu Bukavu, tulifungua sanduku. Siku ile uwanja ulikuwa umejaa. Mandazi yaliisha mbele ya saa nane, sambaza zikapiganiwa, na hata wababa wanaopitaga mbali na mikutano yetu walikuja kucheza. Kila mama alikuwa na hesabu yake kichwani. Tulipomaliza kulipa sono, jenereta, viti na soda za wageni, kilichobaki kingeweza kununua gunia mbili za makala.

Wakati ule mwenzetu mmoja alikuwa angali maternite. Alizaa kwa kupasuliwa. Mtoto mzima, yeye mzima, lakini faktire haikulipwa, na asiyelipa hatoki. Alikaa kule wiki tatu, tukimpelekea bugali kwa zamu. Na kwenye mwaliko wa kermesi tulikuwa tumeandika kwamba feza ni za "kusaidia wenye shida".

Mimi ni mwalimu, basi niliomba ubao. Tuseme mama anauza mandazi ya 100.000 franka. Unga, sukari, mafuta na makala vimekula 65.000. Faida yake ni 35.000. Sisi tulitia 100.000 yote sandukuni, tukapiga vigelegele, halafu kesho yake mama akarudi kudai unga wake. Na ni haki yake. Meza kumi zikifanya hivyo bila kaye ya kuandikia, nani atajua faida ni ngapi? Hakuna aliyeiba, wamama. Watu walinong'ona sana, lakini mimi nilipitia karatasi zote mbili tatu tulizokuwa nazo. Tulikula feza zetu kwa kutoandika.

Wengi wenu mnajua Festival Amani ya Goma. Ilipangwa kuanza mwaka 2013, vita ikaiahirisha, ikafanyika Februari 2014. Watu waliingia kwa dola moja. Dola moja hailipi jukwaa, taa na wanamuziki wanaotoka mbali. Kazi kubwa ilibebwa na wafadhili na watu waliojitolea. Kiingilio kidogo kinaleta watu, lakini gharama zinatafutiwa mlango mwingine. Sisi wafadhili hatuna. Likirimba tunayo.

Kwa hiyo mwaka huu kila kikundi cha likirimba kitabeba gharama moja mbele ya siku yenyewe. Viti tutaazima. Kijana mmoja wa kartie amekubali kupiga muziki kwa sahani ya chakula na nauli. Kila meza itajinunulia vitu vyake, itaandika katika kaye, na italeta faida tu. Sanduku litakuwa na kufuli mbili, na funguo zitakaa kwa wamama wawili wasio wa familia moja. Tutahesabu jioni ileile, mbele ya kuosha sahani, na jumla itaandikwa ukutani ambapo hata mtoto atasoma.

Jambo gumu lilikuwa kuchagua kazi ya feza hizo. Mwaka jana tulitaja wajane, yatima, wagonjwa na masomo, yote pamoja. Feza ikigawanywa hivyo, kila mtu anapata sabuni. Mama mmoja alisimama kutetea wasichana wa sekondari. Alisema kweli: tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure, lakini msichana akifika sekondari, minerval inamrudisha nyumbani. Ninawaona wanapotoka, mmoja mmoja, wakishika daftari zao. Hata hivyo nilipiga kura kwa maternite, na sikulala vizuri usiku ule. Maternite ilishinda kwa kura nne.

Bado tunabishana juu ya jambo moja: je, mama aliyelipiwa arudishe kidogo kidogo, ili mwingine naye atoke? Wengine wanasema msaada haudaiwi, na mama mwenye mtoto mchanga asitiwe deni jipya. Mimi naona arudishe, hata franka 1.000 kwa juma, akisha kuanza tena kuuza. Tutakata shauri Alhamisi.

Mwenzetu wa wiki tatu ndiye aliyesema kwanza kwamba irudishwe. Mwaka huu ameomba meza ya sambaza, na kaye yake ameisha kuinunua.