Je, Wajua? Kichwa Kiumacho Baada ya Kuhama

Je, wajua ya kuwa mtu atokaye Tanga au Mombasa akahamia Njombe au Nyeri, kichwa kikawa kinamgonga kila kukicha, aghalabu husingizia mwinuko wa nchi, ilhali maradhi ya mwinuko kwa kawaida hayamshiki mtu mpaka apande kupita mita 2,500, na miji hiyo haifiki huko?

Sababu ya kuhofiwa zaidi yamkini imo chumbani mwake. Jiko la makaa, ambalo pwani alilipikia uani, huku bara huliingiza ndani usiku apate kuota, na madirisha akayafunga. Makaa yaliyokwisha kuiva, mekundu, yasiyo na moshi hata chembe, ndiyo yamhadaayo, kwani hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ya oksijeni mara 200 na zaidi. Dalili yake ni hii: kichwa huuma alfajiri pamoja na kichefuchefu, hupoa mtu atokapo nje, na walalao chumba kimoja huumwa wote. Hapo jiko na litolewe siku ile ile, maana hewa hiyo huua watu usingizini.

Ziko sababu nyepesi: rangi mbichi ya ukutani, kusahau kunywa maji kwa ajili ya baridi, hata kuacha ghafula kahawa ya mazoea. Walakini kichwa kikifuatana na homa, mgeni huyo asikawie kupimwa malaria, kwani yaweza kudhihirika siku 7 hata 30 tangu alipoumwa na mbu huko alikotoka.