Piano Si Dawa ya Hesabu

Wazazi wengi wanaolipia masomo ya piano hawatazamii kumwona mtoto wao akipanda jukwaani. Wanachotazamia ni alama nzuri zaidi darasani, hasa katika hesabu, kwa kuwa wamesikia kwamba muziki hunoa akili. Chanzo kimoja cha imani hiyo kinajulikana. Mwaka 1993, nchini Marekani, Frances Rauscher na wenzake waliwapa wanafunzi 36 wa chuo kikuu sonata ya Mozart ya piano mbili waisikilize kwa dakika 10, kisha wakawapima uwezo wa kuwazia maumbo. Walifanya vizuri kuliko walipokaa kimya, lakini faida ile ilitoweka baada ya kama robo saa. Hapakuwa na mtoto hata mmoja katika jaribio hilo, na hakuna aliyegusa piano. Hata hivyo, mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliliomba bunge la jimbo fedha ili kila mtoto mchanga apewe muziki wa aina hiyo.

Mtu aweza kujibu kwamba kusikiliza ni jambo moja na kujifunza kupiga ni jingine. Ni kweli, na hilo nalo limepimwa. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg alichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 144 wa miaka sita mjini Toronto. Baadhi walifundishwa kinanda, baadhi kuimba, baadhi maigizo, na wengine hawakufundishwa chochote kati ya hayo. Baada ya mwaka mmoja, alama za akili zilipanda katika makundi yote. Waliofundishwa muziki waliwazidi wenzao kwa chini ya pointi tatu. Mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya tafiti 54 zenye watoto karibu 7,000, wakaona kwamba kadiri utafiti ulivyofanywa kwa uangalifu ndivyo faida hiyo ilivyokaribia sifuri. Basi kwa nini watoto wapigao piano mara nyingi hufaulu shuleni? Familia yenye uwezo wa kununua ala na kumlipa mwalimu huwa pia na vitabu, mahali tulivu pa kusomea, na mzazi mwenye nafasi ya kukagua daftari. Tukiisifu piano kwa hayo, tunaipa sifa isiyo yake.

Kinachothibitika ni kwamba piano hufundisha piano, na hilo si jambo dogo. Utafiti wa Krista Hyde na wenzake wa 2009 ulionyesha kwamba watoto waliojifunza kinanda kwa miezi 15 walibadilika ubongo katika sehemu zinazohusika na mikono na usikivu, yaani zile zile walizozitumia. Mtoto hujifunza kusoma mistari miwili ya nota kwa pamoja, kila mkono ukifanya kazi yake, huku sikio likifuatilia sauti kadhaa kwa wakati mmoja. Johann Sebastian Bach alipoanza kumwandalia mwanawe Wilhelm Friedemann daftari la mazoezi mwaka 1720, kijana akiwa na miaka tisa, aliweka humo vidole vya kutumia, mapambo ya nota na vipande vya kupiga. Lengo lilikuwa muziki wenyewe.

Wengine watasema: hata kama haiongezi akili, inaleta nidhamu. Inaweza, lakini madrasa, kandanda na kwaya pia huzoeza mtoto kurudia jambo mpaka alimudu. Nidhamu peke yake haitoi sababu ya kuchagua ala yenye gharama kubwa. Kuhusu hofu kwamba aliyepita miaka saba amechelewa, ni kweli kwamba kuanza mapema kuna athari zake, hasa katika uwezo adimu wa kuitambua nota kwa kuisikia tu. Lakini wanamuziki wengi mahiri hawana uwezo huo. Na kuhusu gharama, kinanda cha umeme chenye vitufe 61, ambavyo ni pungufu ya 88 vya piano kamili, kinatosha kuanzia.

Ahadi ya akili ina madhara yake. Mtoto anayependa kupiga huondolewa masomoni kwa sababu ripoti ya shule haikupanda, ilhali vidole vyake vilikuwa vikisonga mbele. Mzazi apime kile alicholipia: je, baada ya mwaka mtoto anaweza kuupiga wimbo anaoujua kwa mikono miwili, kumfuata mwimbaji bila kupoteza mapigo, na kurudi kwenye kinanda bila kuamriwa? Akiweza, ada haikupotea, hata kama alama za hesabu zimebaki pale pale.